Dua ya Mvua Ifike Hadi Mtoni

Kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo ilipita kaskazini mwa Kenya bila mvua ya kutosha. Mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa nchini, na kaunti ya Isiolo iliumia pamoja na jirani zake. Februari 14, 2023 Rais William Ruto aliliita taifa zima kuombea mvua. Ukame wa namna hiyo huwapeleka Waislamu uwanjani kwa istisqaa, swala ya kuomba mvua, na makanisani watu hukesha.

Ni haki kuomba. Lakini mto Ewaso Nyiro haukaushwi na mbingu peke yake.

Mto huo hupata maji yake Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Njiani, pampu za wakulima wa maua na mboga huyavuta, na wakati wa kiangazi wafugaji wa Merti, Isiolo, hubakia na mchanga. Tangu 2013 Msafara wa Ngamia umewatembeza Wasamburu, Waborana, Waturkana na Wasomali kando ya mto kuutetea. Msafara huo unastahili maimamu na mapadri mstari wa mbele.

Waborana wana dheedha, utaratibu wa wazee wa kutenga malisho ya masika, ya kiangazi na ya akiba. Kisimani, abba herega hupanga zamu za kunywesha. Amri za wazee hao siku hizi hupuuzwa, hasa na wachungaji wenye bunduki. Sharia ya Kiislamu nayo inaijua hima, malisho yaliyohifadhiwa, na harimu, eneo linalolindwa kuzunguka kisima. Basi khutba ya Ijumaa iseme wazi kwamba kuingiza ng'ombe kwenye akiba kabla ya wakati ni dhuluma. Mafundisho ya namna hiyo yameshafaa kwingine: kisiwani Misali, Pemba, kilichotangazwa hifadhi mwaka 1998, masheikh waliwafundisha wavuvi kulinda bahari kwa Qurani, na wavuvi wakawasikiliza.

Kanisa lina nafasi nyingine, na hapa ndipo pana uzito zaidi. Wakulima wa Nanyuki, juu ya mto, na Wakristo wa Isiolo, chini yake, wengi ni wa madhehebu yaleyale. Waraka wa Papa Francis wa 2015, Laudato Si', kuhusu kutunza mazingira, unawahusu wote. Maaskofu na maimamu wa Isiolo waandike barua moja, isomwe Nanyuki kila Januari kabla maji hayajapungua, ikiwaomba wenye pampu wazifunge kwa zamu.