Sehemu ya 6: Usimwambie "vumilia" kabla hujaangalia nyuzi



Leo tunaongelea vidole vya watoto wetu wanaojifunza gitaa la besi, iwe kwenye kwaya, bendi ya shule au hapo sebuleni kwako. Mtoto anaanza kwa moto. Wiki mbili baadaye ncha za vidole ni nyekundu, zina malengelenge, na nyumba nzima inamwambia: vumilia, utaota sugu, wenzio wote walipitia hapo.

Msimamo wangu ni huu. Sugu ni kweli, na maumivu kidogo ya mwanzo ni kawaida. Lakini mateso siyo kipimo cha kipaji. Kabla mtoto hajaacha muziki, jaribuni nyuzi za aina nyingine.

Nyuzi za kwenye besi nyingi zimezungushiwa waya wa mviringo. Pitisha ukucha juu yake utasikia krrr, kama meno ya parafujo. Zinatoa sauti kali na safi, ndiyo maana zimependwa tangu miaka ya 1960. Ila yale meno yanakwangua ngozi laini kila kidole kinapoteleza.

Zipo zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma. Hizi ni laini kwa kugusa, sauti yake nzito na tulivu. Angalizo: nyingi zimekaza zaidi, kwa hiyo mtoto mwenye mkono mdogo aombe seti nyembamba.

Zipo pia zilizovikwa nailoni kwa juu, mara nyingi nyeusi. Watu wengi huzicheka, mimi ndizo ningeanza nazo. Ndani zina chuma, kwa hiyo sumaku za besi ya umeme zinanasa sauti kama kawaida. Zinateleza, na nyingi hazikazi sana. Ila ni nene, huenda zisikae vizuri kwenye vile vifereji vya juu ya shingo. Mpe fundi aangalie, usichonge mwenyewe.

Zile za mpira za kwenye besi ndogo zenye umbo la ukulele, usizifunge kwenye besi ya umeme ya kawaida. Hazina chuma, sumaku hazitasikia kitu.

Sasa nivae kofia yangu ya unesi. Unakumbuka binti aliyevaa hereni za bei rahisi, masikio yakawasha na kutoa majimaji? Mara nyingi hiyo ni mzio wa nikeli. Na nyuzi nyingi za besi zimepakwa nikeli! Binti huyo akipiga besi, vidole vinaweza kuwasha, kupasuka na kubabuka. Mara nyingi dalili zinakuja siku moja hadi tatu baadaye, ndiyo maana hakuna anayelishuku gitaa. Kwake nailoni siyo anasa. Hata hivyo vile vyuma vidogo vilivyopangwa shingoni navyo mara nyingi vina nikeli ndani yake, kwa hiyo akiendelea kuwashwa mpeleke akaonwe.

Najua watu wa muziki watanijia juu: "Nesi, hizo zinaua sauti!" Sawa, nakubali kidogo. Anayetaka kupiga kwa kugonga nyuzi kwa dole gumba na kuzivuta atakosa ule mlio mkali. Lakini James Jamerson, mpiga besi wa Motown kule Detroit aliyebeba nyimbo nyingi za miaka ya 1960, alitumia nyuzi za utepe bapa, na anajulikana kwa kutozibadilisha mpaka zikatike. Kama zilimtosha yeye, zitatosha kwaya yetu ya Jumapili, si ndiyo?

Na bei? Seti za bapa na za nailoni mara nyingi ni ghali kidogo kuliko za kawaida. Ila hazina mifereji ya kushika jasho na uchafu, kwa hiyo zinadumu. Piga hesabu: hiyo seti moja, au gitaa zima linalokaa na vumbi nyuma ya mlango?

Siku ya kubadilisha, legezeni uzi kwanza ndiyo mkate. Uzi uliokaza ukikatwa unaruka, macho yapo. Na vile vipande vilivyokatwa vina ncha kali. Okota vyote, hasa kama kuna mtoto anayetambaa anayeweka kila kitu mdomoni.

Lengelenge usilitoboe kwa sindano ya kushonea. Osha kwa maji na sabuni, lifunike, mtoto apumzike siku mbili tatu. Na awe anafanya mazoezi ya dakika 15, mara mbili kwa siku, badala ya saa nzima ya kulia.

Lakini akikwambia vidole vinakufa ganzi, mkono unachoma hadi kwenye kiwiko, au kidole kimevimba na kina usaha, hapo acheni habari za nyuzi. Njooni kituo cha afya.

Mtoto anayesema "inauma" anakupa taarifa. Ifanyie kazi kabla hujaiita uvivu.

Haya, niambieni: mtoto wako anapiga chombo gani, na kipi kinamuuma? Nitawajibu nikitoka zamu ya usiku.