Kifaransa Kameruni: Daraja Lisigeuzwe Uzio

Katika nchi yenye lugha mbili za Serikali, kujifunza lugha ya pili si pambo la wasomi. Ni nyenzo ya kazi, na kwa mtumishi wa umma ni deni analodaiwa na wananchi. Historia ya Kameruni inathibitisha jambo hilo.

Kama ilivyokuwa Tanganyika, Kameruni ilitawaliwa na Wajerumani hadi waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza na Wafaransa wakaigawana. Sehemu ya Wafaransa ilipata uhuru tarehe 1 Januari, 1960. Tarehe 1 Oktoba, 1961, baada ya kura ya wananchi, sehemu ya kusini ya eneo la Waingereza iliungana nayo. Ndugu waliotenganishwa na wakoloni wakawa nchi moja, lakini kila upande ulikuja na lugha ya mtawala wake. Kifaransa na Kiingereza vikafanywa lugha rasmi.

Usawa ulioandikwa katika Katiba haukufika katika kila ofisi. Mikoa 8 kati ya 10 hutumia Kifaransa, na ndiyo lugha inayotawala shughuli za Serikali huko Yaoundé. Kijana wa Bamenda au Buea hahitaji kuhutubiwa juu ya faida ya Kifaransa. Kinamwezesha kufuatilia faili lake wizarani, kufanya biashara Douala na kuelewana na majirani wa Chad, Gabon na Kongo. Wazazi na walimu wanaomhimiza ajifunze wanamtakia mema.

Hata hivyo, daraja huvukwa kutoka pande zote mbili. Mwaka 2016 wanasheria na walimu wa mikoa ya Kaskazini-Magharibi na Kusini-Magharibi waligoma. Miongoni mwa malalamiko yao makubwa ni kwamba mahakama na madarasa yao yaliletewa mahakimu na walimu wasiokimudu Kiingereza. Ni haki gani atakayoiona mshtakiwa asiyeelewana na hakimu? Ni elimu gani atakayoipata mtoto asiyemwelewa mwalimu? Malalamiko hayo yalikabiliwa kwa nguvu, na kufikia mwishoni mwa mwaka 2017 yalikuwa yamegeuka vita. Maelfu ya watu walipoteza maisha, na shule nyingi zilifungwa kwa miaka. Lugha haikuwa chanzo pekee, lakini ndiyo mlango ambao chuki ilipitia.

Funzo ni dhahiri. Raia anayejifunza Kifaransa anajiongezea uwezo, na astahili kufundishwa vizuri tangu shule ya msingi. Lakini mzigo mzito hauna budi kubebwa na mtumishi, si na yule anayehudumiwa. Sheria ya Kameruni ya mwaka 2019 ilimpa mwananchi haki ya kuhudumiwa kwa lugha anayoichagua kati ya hizo mbili. Sheria hiyo itakuwa na uhai pale tu karani wa Yaoundé atakapojifunza Kiingereza kwa bidii ileile ambayo kijana wa Buea anajifunzia Kifaransa.

Jambo hilo linatuhusu sisi pia. Ofisa wa Tanzania anayempelekea mwanakijiji barua ya Kiingereza, hali akijua kuwa msomaji wake anajua Kiswahili tu, hajawasiliana naye, amemfungia mlango. Umoja wa taifa hujengwa au hubomolewa mezani pa mtumishi, kwa neno analomjibu mwananchi.