Sifa kibao, kuku mkavu

Jamani, kuna mgahawa mmoja kando ya barabara, maeneo ya Chalinze, ambao kila anayesafiri lazima akusimulie. "Ukipita pale, kuku usimkose!" Mwezi uliopita mimi na mwenzangu tukasimama. Kuku mkavu, chipsi zimelegea kwa mafuta, kachumbari imechacha. Kilichokuja cha moto ni bili tu.

Sababu haijifichi. Chalinze ndipo barabara ya Morogoro inapoachana na ile ya Tanga na Arusha, hivyo wateja hawakosekani. Abiria wa basi wana dakika chache, kwa hiyo kuku anakaangwa mapema na kusubiri kwenye kabati la vioo. Wewe ukinuna ukaondoka, basi lingine hilo linapiga honi.

Sasa nyie wapendanao, aliyependekeza sehemu asigeuzwe kitoweo mpaka mfike. Chakula kibaya kinaishia mezani, lakini "si nilikwambia?" inaweza kukaa moyoni wiki nzima. Safari ijayo agizeni nyama mnayoiona ikigeuzwa jikoni, na kama foleni ya kuisubiri ni ndefu, nunueni mahindi ya kuchoma, mcheke, msonge mbele.