Huyu Mtoto ni wa Nani?



Likizo kubwa inapoanza mwezi wa saba, watoto wa Katoyi huuliza swali moja: "Tutashuka ziwani lini?" Wengi wao ziwa wanalijua tayari, ila wanalijua kwa kazi. Maji ya bomba yakikatika, wao ndio hutumwa na bidoni za manjano, kisha hupanda tena kwetu juu ya mawe meusi ya volkeno, shingo zikiwa zimekaza. Kwa hiyo mtoto anayeomba kwenda Kivu bila mzigo, pamoja na wazazi, nyanya, shangazi na binamu zake, haombi anasa. Anaomba siku moja ambayo maji yatakuwa furaha.

Wapo wanaosema kwamba katika nyakati hizi za taabu matembezi ya namna hiyo ni upotevu wa fedha na wa muda. Sisi hatukubaliani nao. Vita na utafutaji wa riziki vimezitawanya jamaa zetu. Mtoto akiwaona wajomba na mama wadogo wamekaa mahali pamoja, mara nyingi ni kwenye matanga. Inafaa awaone pia wakicheka. Sambaza za kukaanga, ndizi na chai ndani ya termosi vinatosha. Yezu mwenyewe aliwaita wanafunzi wake waliochoka waende kando wakapumzike. Lakini pumziko lina wajibu wake, na kuhusu wajibu huo sisi wenyewe tuna jambo la kuungama.

Mwaka mmoja tulishuka ziwani na jamaa zetu, watu wazima 11 na watoto 14. Tulitandika vitenge kivulini, tukawasha makaa, tukaanza kupeana habari. Watoto walicheza ukingoni. Baada ya chakula, mama mmoja alimtafuta binti yake wa miaka minne asimwone. Aliuliza, na kila mmoja alijibu kwa utulivu: "Si yuko na shangazi yake?" Shangazi alidhani yuko na mjomba. Mjomba alidhani yuko na dada zake wakubwa. Dada wakubwa walikuwa wameinamia simu, wakitazama picha walizopiga asubuhi ile.

Kabla hatujasimama wote, alifika mama tusiyemjua, mmoja wa waliokuwa wakichota maji mbele kidogo. Alikuwa amemshika mtoto wetu mkono, na nguo za mtoto zilikuwa zimelowa hadi shingoni. Hakutugombeza. Alituuliza tu: "Huyu mtoto ni wa nani?"

Kikapita kimya kabla ya mtu yeyote kujibu. Alikuwa mtoto wa wote, na saa ile hakuwa wa mtu.

Tumezoea kusema kwamba mkono mmoja haulei mwana, na ni kweli. Lakini siku ile tulijifunza kwamba mikono 22 isiyogawana kazi inaweza kumwachilia mwana. Sisi tuliosomea ualimu tuliona aibu ya pekee. Darasani hatuanzi somo bila kuita majina. Ziwani, mahali penye hatari kuliko darasa lolote, hatukuita hata jina moja.

Mwinjili Luka anasimulia jambo linalotufundisha hapa. Yezu alipokuwa na miaka 12, Mama Maria na Yosefu walitoka Yerusalemu baada ya sikukuu ya Pasaka, wakaenda mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba yumo katika msafara. Wakamtafuta kwa jamaa na rafiki, wasimpate. Wakamkuta Hekaluni siku tatu baadaye. Tuzingatie hilo: penye jamaa wengi, hata upendo usio na doa huweza kudhani. Basi nani kati yetu ajivune? Ila Hekalu lilimtunza mtoto siku tatu. Maji hayamtunzi mtoto hata dakika tatu.

Na maji yetu yana tabia zake. Kina cha Kivu kinazidi meta 450, na mahali pengi ukingo wa mawe hushuka ghafla: hatua moja maji yako magotini, hatua ya pili mguu haupati chini. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, maana kinywa kinachotafuta pumzi hakina nafasi ya kuita. Tena upande wa magharibi wa mji, katika mashimo na vibonde karibu na ziwa, yapo mazuku, ile gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Haionekani, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hujikusanya mahali palipoinama. Mtoto mfupi, au anayeinama kuokota mpira, huivuta kabla mtu mzima aliyesimama hajahisi kitu. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofikia miaka mitano.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, na makumi ya watu wakafa. Tangu hapo wazazi wengine wamewakataza watoto kabisa kulisogelea ziwa. Tunaiheshimu hofu yao. Hata hivyo, bomba litakatika tena, na mtoto ambaye hajafika ziwani na mzazi wake atafika peke yake, na bidoni mkononi. Ni afadhali ayajue maji akiwa ameshikwa mkono.

Tangu mwaka ule tumeweka desturi, nasi tunawakabidhi ninyi vijana. Kabla ya kutoka nyumbani majina ya watoto huandikwa, na huitwa kwa sauti tunapofika, kabla ya chakula na kabla ya kurudi. Mtu mmoja, kwa jina lake, huvaa kofia nyeupe kwa nusu saa. Mwenye kofia hapiki, hashiki simu, hasimulii habari. Anasimama ukingoni na kutazama watoto tu. Nusu saa ikiisha, anampa mwingine kofia na kumwambia idadi ya watoto waliomo majini. Asiyejibu "nimewapokea" hajapewa. Kofia ikikosa kichwa, watoto wote wanatoka majini. Maji hayapiti magoti ya mtoto. Na bidoni moja tunaibeba bado, ila tupu, imefungwa kifuniko sawasawa na kufungiwa kamba ndefu. Mtu akizidiwa, anatupiwa aishike, naye huvutwa. Asiyejua kuogelea asijitupe majini kwa huruma, tusije tukazika wawili.

Kwa nini tunawaambia ninyi kwanza? Kwa sababu ninyi mna macho makali na miguu myepesi, na katika Kiro na Xaveri mmezoea kuongoza wadogo. Na pia, tuseme wazi, kwa sababu wengi wenu mkifika ziwani huwaachia wazee watoto, mkaenda pembeni na wenzenu. Nyanya mwenye miaka 70 hawezi kumkimbilia mjukuu juu ya mawe yale. Nusu saa bila simu ni sadaka ndogo, lakini inaweza kuwa sawa na uhai wa mtu.

Yule binti sasa anasoma shule ya msingi. Kila tunapotandika vitenge, kabla hajavua viatu, yeye ndiye huuliza: "Kofia iko kwa nani?" Nasi hujibu mara moja, kwa jina.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

Katika matembezi yenu ya mwisho pamoja na watoto, nani hasa alikuwa akiwatazama? Taja jina lake.

Ni kazi zipi nyingine, nyumbani au parokiani, tunazosema ni za wote, na kwa sababu hiyo hazina mwenyewe?