MASHINE YA MOYO ISIWE PAMBO LA UKUTA

Ndugu Wafanya Kazi,

Katika mkutano wa tawi yalizuka maneno makali. Wengine walitaka Chama kidai mashine ya umeme ya kushtua moyo, iitwayo difibrileta, itiwe katika kila jengo la watu wote: stesheni, karakana, soko, ofisi ya chifu, hata kwetu Golbanti. Wengine walicheka, wakasema hiyo ni anasa ya matajiri. Sisi watoto wa mto Tana, tunaotafuta riziki relini Mombasa, twasema pande zote mbili zimekosa. Sababu zetu ni hizi.

Kwanza, ninyi mliocheka. Hamkuwapo siku ile mwenzetu alipoanguka kazini. Jina lake na mahali hatutaji. Alikuwa akisukuma toroli, akaketi, akalala. Tulikuwa watu 12. Tulimmwagia maji, tukampepea kwa kofia, mmoja akakimbia kutafuta gari. Hapana hata mmoja aliyemkandamiza kifua. Gari lilipofika, alikwisha kufa. Tukamzika, tukasema siku yake ilifika.

Leo twajua zaidi. Moyo ukikatika ghafula, mara nyingi haunyamazi mara moja, bali hutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Mashine huupiga umeme, ule mtetemo ukakoma, moyo ukapata nafasi ya kushika mwendo wake tena. Lakini kila dakika ipitayo bila msaada, tumaini hupungua kwa sehemu 7 mpaka 10 katika 100. Mwaka 1999 viwanja vya ndege vya Chicago viliwekwa mashine hizi ukutani, mtu azifikie kwa mwendo wa dakika moja hivi. Katika miaka 2 watu 21 walikatika moyo. Kati yao 18 moyo ulikuwa ukitetemeka, na 11 wakafufuliwa. Baadhi ya waliowaokoa walikuwa wasafiri wenzao tu. Je, hiyo ni anasa? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Pili, ninyi mnaotaka kila jengo. Golbanti si Chicago. Jina la Golbanti limo katika vitabu vya misheni tangu miaka ya 1880, lakini watu wake hawashindi ofisini. Wako katika mpunga, wako malishoni na ng'ombe, wako mtoni. Hata huko Marekani wengi wanaokatika moyo huangukia nyumbani kwao. Basi mashine iliyofungiwa ofisini, karani akaondoka na ufunguo saa kumi na moja jioni, itamwokoa nani? Betri itakufa, vibandiko vyake vitapita muda, na siku ya haja tutakuta sanduku zuri lisilo na kazi. Mkubwa atakuwa amekwisha kupigwa picha siku ya kulifungua.

Tena tazameni kinachoua kwetu. Mtu akizama mtoni, moyo wake husimama kwa kukosa hewa. Huyo hutaka kwanza pumzi ya kinywa na mikono ya kukandamiza kifua, na mikono hiyo haihitaji betri. Mtu akiumwa na nyoka shambani, hutaka dawa ya kuua sumu, tena upesi. Shirika la Afya Duniani liliandika kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, na mkulima wa Tana hakuhitaji kuambiwa. Kutoka Garsen mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Mto ukijaa, kama ulivyojaa mwisho wa 2023 na tena 2024, njia ni nyingine kabisa.

Basi Chama kidai haya, kwa mpango huu:

1. Kila mfanya kazi afundishwe kukandamiza kifua: katikati, kwa nguvu, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuacha mpaka msaada ufike. Mafunzo yawe katika saa za kazi zenye malipo, si Jumapili.

2. Mashine zitangulie penye umati: stesheni kubwa, karakana kubwa, kivuko cha Likoni, stendi ya Garsen. Zisifungwe kwa kufuli. Atajwe mtu wa kuzikagua kila mwezi. Ziseme Kiswahili.

3. Golbanti ipate kwanza dawa ya nyoka penye friji inayofanya kazi, gari la wagonjwa na mashua ya wakati wa mafuriko, na vijana wa mtoni wafundishwe kuokoa. Mashine ya moyo ikija, ipandishwe ndani ya gari hilo, imfuate mgonjwa alipo.

Watatuambia fedha hakuna. Twajibu: tangu Oktoba 2024 mshahara wetu unakatwa shilingi 2.75 katika kila 100 kwa ajili ya afya. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria ya usalama kazini ya 2007 yamtaka mwenye kazi aweke sanduku la huduma ya kwanza mahali linapofikika. Ndugu, kesho asubuhi lifungueni la kwenu. Hesabuni kilichomo, mkaandike, mkalete karatasi kwa katibu wa tawi. Asiyeweza kujaza sanduku la bendeji asitudanganye kwa mashine ya ukutani.

Yule mwenzetu wa toroli hakukosa mashine tu. Alikosa mikono 24 iliyokuwa imemzunguka, yetu sisi wenyewe. Deni hilo ni letu, nasi tutalilipa kwa kujifunza na kwa kudai.

Umoja ni nguvu.