Waini ya Mia Nne Ni Ghali Sana

Wasee, leo naongea kuhusu waini. Najua kuna mtu ameshaguna: "Kijana wa Moding na waini, wapi na wapi?" Tulia, nitakujibu. Lakini kwanza wacha nikupe stori ya bathdei yangu.

Mwaka jana nilikuwa nafikisha 22. Tulikuwa watano, tukachanga, tukapata mia nane. Jamaa mmoja wa boda akatuambia ana waini nyekundu kutoka ng'ambo, imevuka kwa njia ya panya, mzinga mia nne. Dukani hapa Malaba nilikuwa nimeona mzinga unauzwa elfu moja. Kwa hivyo hesabu yetu ilikuwa rahisi: mizinga miwili kwa pesa ambayo haitoshi hata mmoja. Tulijiona wajanja kabisa.

Lebo ilikuwa imebandikwa upande. Kifuniko kilikuwa kimelegea. Stempu ya KRA haikuwepo. Haya yote tuliyaona, na hakuna aliyesema kitu, kwa sababu bei ilikuwa imeshatunyamazisha.

Ile kitu ilikuwa sukari mwanzo, halafu moto kooni. Saa nane usiku mmoja wetu akaanza kusema haoni vizuri, ati ni kama kuna ukungu ndani ya nyumba. Tukacheka kwanza. Alipoanza kutapika bila kukoma ndio tukaacha kucheka. Tulimkalisha katikati kwenye boda, mimi nyuma nikimshika, mpaka hospitali. Alilazwa siku mbili.

Asubuhi mama yake akafika. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, hebu niambie. Mlikunywa nini?"

Nilifungua mdomo nikakosa jibu. Nilikuwa nimemeza glasi mbili na sikujua nimemeza nini.

Beshte yangu alipona, tunashukuru Mungu. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Februari 2024 kule Kirinyaga watu zaidi ya 10 walikufa kwa pombe haramu. Mwaka wa 2014 walikufa makumi, kuanzia Embu hadi Kiambu. Ile sumu inaitwa methanoli, na moja ya vitu inavyogusa ni macho. Kwa hivyo mtu akikuambia haoni vizuri baada ya kunywa, usimlaze ati atazinduka asubuhi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuuliza: bei nafuu ni bei gani hasa? Kuna tofauti kati ya kitu cha bei nafuu na kitu ambacho bei yake haiwezekani. Nilienda nikafanya hesabu ambayo ningefanya kabla ya kutoa ile mia nane. (Kama hujafika 18, sheria ya Kenya haikuruhusu kununua pombe. Wewe isome hii kama somo la hesabu.)

Kuanzia Desemba 2024, Kenya inatoza kodi ya pombe kulingana na kiasi cha alkoholi halisi kilicho ndani ya chupa. Waini ni shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi. Mzinga wa mililita 750 wenye asilimia 12 una sentilita 9. Zidisha: shilingi 202.50. Hiyo inaenda kwa serikali iwe waini ni tamu, mbaya, nzuri au ya ajabu.

Halafu kuna VAT ya asilimia 16. Sasa tuchukue mzinga wa 400. VAT ndani yake ni kama 55. Toa na ile 202.50, unabaki na 142 hivi. Hiyo 142 inatakiwa ilipe zabibu, chupa, kifuniko, lebo, meli kutoka Afrika Kusini, ushuru wa forodha Mombasa, lori hadi mpakani, faida ya aliyeingiza na faida ya mwenye duka. Wasee, haiwezekani. Waini ya mia nne ama haijalipa kodi, ama si waini. Na kama mtu ameamua kudanganya KRA, sijui kwa nini nilidhani atakuwa mwaminifu kwangu mimi.

Sasa panda juu kidogo. Mzinga wa 700: kodi zote mbili ni kama 299, inabaki 401. Mzinga wa 1,000: kodi ni kama 340, inabaki 660. Umeona hiyo? Umeongeza mia tatu, na karibu 260 kati yake imeenda kwa waini yenyewe na safari yake, kwa sababu ile 202.50 haipandi. Ndio maana kutoka 700 kwenda 1,000 utasikia tofauti mdomoni. Lakini kutoka 2,000 kwenda 4,000, kwa mdomo wangu mimi, mara nyingi unalipia jina, chupa nzito na dhahabu ya kwenye lebo. Na ukiinunulia klabu, unalipia pia muziki na meza.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kwa mtu wa mfuko kama wangu, waini nzuri ya bei nafuu iko kati ya 900 na 1,300. Chini ya hapo kuwa makini. Juu ya hapo uwe na sababu.

"Sasa elfu nitatoa wapi?" Hilo ndilo swali la maana, na hapa nina ugomvi na serikali.

Kodi ya kali, yaani vodka, jini na ndugu zao, si 22.50. Ni shilingi 10 kwa sentilita. Robo ya kali ya asilimia 40 ina sentilita 10 za alkoholi, kodi yake ni shilingi 100. Rudia hapo: robo inayoingia kwa mfuko wa jeans ina alkoholi nyingi kuliko mzinga mzima wa waini, na inalipa nusu ya kodi. Najua sababu inayotolewa. Wanasema kali halali ikiwa ghali sana, watu watakimbilia ya haramu. Nimelala hospitali kwenye benchi kwa sababu ya pombe haramu, kwa hivyo hiyo hoja siidharau. Lakini ni serikali hii hii ambayo mwaka wa 2025 ilileta sera ya kupendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 hadi 21, kwa kuwa vijana tunaharibika. Mdomo unasema punguzeni, kodi inasema leweni haraka. Kijana mwenye mia tatu akiingia dukani, ameshaamuliwa atoke na nini.

Mimi nilikuwa huyo kijana. Nilipokuwa kampasi, kabla niache masomo, kila Ijumaa ilikuwa robo. Mtu na robo yake, dakika arobaini imeisha, usiku uliobaki sikumbuki. Sikuwahi kusema nimefurahia ladha. Nani hufurahia ladha ya robo?

Sasa hesabu ya kuchanga. Mzinga mmoja wa waini unatoa glasi tano za mililita 150. Mkiwa watano na mzinga ni elfu, kila mtu ametoa mia mbili. Hiyo ni chini ya bei ya robo. Hautalewa chakari kwa glasi moja, na hiyo ndiyo maana yake. Mkiwa wengi, au kuna sherehe, angalieni boksi la lita tano. La mwisho tulilonunua lilikuwa 4,500. Gawanya kwa mizinga karibu saba, ni kama 675 kila mzinga, kwa sababu hamkulipia glasi ya chupa. Tena ile mifuko ya ndani hujikunja waini ikitoka, hewa haiingii, kwa hivyo inakaa vizuri kwa friji wiki nne bila kugeuka siki. Chupa ikifunguliwa ina siku tatu, nne hivi.

Vitu vingine nilivyojifunza kwa pesa yangu mwenyewe:

Geuza chupa usome nyuma. Kuna chupa zina picha ya zabibu mbele, lakini nyuma zimeandikwa ni kinywaji chenye alkoholi na ladha ya zabibu. Hiyo ni soda yenye hasira. Waini itasema ni waini, itasema imetoka wapi na ina asilimia ngapi.

Piga picha ile stempu. KRA wana programu ya simu inaitwa Soma Label. Inakuambia kama stempu ni halali. Inachukua muda mfupi kuliko kutafuta filta ya selfi.

Usiogope kifuniko cha kuzungusha. Si alama ya umaskini. Waini nzuri nyingi siku hizi zinafungwa hivyo, na hautahangaika kutoboa kizibo kwa bisibisi kama sisi tulivyowahi kufanya.

Sukari huficha makosa. Wengi wetu tulianza na waini tamu na hakuna aibu hapo. Lakini siku moja jaribu ile kavu nyeupe, hasa Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Ndiyo zabibu nyeupe inayolimwa zaidi kule, kwa hivyo unaipata kwa bei ya kibinadamu. Ukitaka nyekundu yenye stori, kuna Pinotage, ambayo ilizaliwa Stellenbosch mwaka wa 1925 mtaalamu mmoja alipochanganya aina mbili za zabibu. Na tusisahau jirani: Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na Kenya yenyewe kuna Leleshwa, inayotoka Bonde la Ufa.

Halafu joto. Wazungu wakisema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, hawakumaanisha chumba cha mabati Malaba saa tisa mchana. Weka kwa friji nusu saa. Huna friji? Beseni la maji baridi na kitambaa kilicholowa. Utashangaa vile waini ya 900 inaanza kujiheshimu.

Sasa nimjibu yule aliyeguna mwanzo. Kijana wa Moding na waini, wapi na wapi?

Mimi nimekua nikiona wazee wakinywa ajon. Kama wewe si wa huku: ni pombe ya wimbi ya Wateso. Inawekwa kwa chungu katikati, inaongezwa maji ya moto, na watu wanakaa kuizunguka kila mtu na mrija wake mrefu. Hakuna anayekunywa ajon akikimbia. Hakuna anayeificha kwa mfuko wa jeans. Watu wanaongea, wanasuluhisha kesi ya ng'ombe, wanacheka, maji ya moto yanaongezwa, jua linazama. Na kitu kikubwa zaidi: kila mtu pale anajua nani amepika. Nyanya yangu aliweza kuonja na kukuambia wimbi ilikaangwa sana, na akataja ni nyumba ya nani.

Kwa hivyo usiniambie waini ni maringo ya watu wa Nairobi. Kukaa chini, kunywa polepole, mkichangia chombo kimoja, mkijua kilitoka wapi, hiyo ni adabu ya hapa kwetu. Kigeni ni ile robo. Kigeni ni kunywa kitu ambacho hujui kimepikwa na nani.

Na kama hunywi, usianze kwa sababu yangu. Hakuna waini nafuu kuliko ile hujanunua.

Mwezi wa tatu mwaka huu tulikutana tena wale wale watano. Mia mbili kila mtu, mzinga mmoja, stempu imepigwa picha, kuku wa kuchoma pembeni. Beshte yangu alisoma lebo kwa sauti yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini kabisa, akiisogeza karibu na macho kisha mbali. Tulimngoja amalize. Alipomimina, mama yake alipita hapo uani akasimama.

"Leo mnakunywa nini?"

Tukamwambia. Jina, nchi, mwaka, asilimia. Akachukua chupa, akaiangalia mbele na nyuma, akairudisha mezani.

"Haya," akasema. "Na mle kwanza."

Niambieni hapo chini: mzinga wenu wa chini ya 1,300 ni upi, na mliunywa na nani?