Muziki wa Kufokafoka: Usizime Kwanza

Mama mwenzangu, ukurasa huu umezoea kuzungumzia homa za watoto, uji wa lishe na shinikizo la damu. Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya muziki wa rapu, ule ambao zamani tuliuita wa kufokafoka, kwa maana ndio unaolia majumbani mwetu kutwa, nasi hatuna neno la kuusemea isipokuwa, "Zima makelele hayo!"

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Hivi karibuni nilipanda basi kutoka Kilosa kwenda Mikumi kwenye semina ya akina mama, nikiwa na kijana wangu wa kidato cha pili. Konda alifungulia muziki tangu stendi. Nyimbo tatu za mwanzo zilikuwa majigambo matupu: fedha zangu, gari langu, mimi ni nani. Tusi halikuwemo hata moja, lakini tulipofika Ulaya sikukumbuka neno lolote. Kisha ukapigwa "Ndiyo Mzee" wa Professor Jay. Bibi mmoja mwenye tenga la kuku akaanza kucheka, na watu wakawa wanaitikia.

"Mama, huyu si ndiye aliyekuwa mbunge wa huku?"

Ndiye. Joseph Haule aliutoa wimbo huo katika albamu yake ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu. Mwaka 2015 akachaguliwa mbunge wa Jimbo la Mikumi, akakaa bungeni hadi 2020. Na wimbo wenyewe unamhusu mgombea anayemwaga ahadi zisizowezekana jukwaani, huku umati ukiitikia tu! Nadhani ni wagombea wachache waliopata kujitegea mtego kama huo.

Kwa nini bibi yule bado anacheka baada ya miaka zaidi ya ishirini? Mwimbaji hatuhubirii. Anavaa sauti ya mgombea, ahadi zinazidi kupanda hadi uongo unajianika wenyewe, na kiitikio kinatugusa sisi tunaopiga makofi.

Mwanangu akanipa kipimo chake: ondoa mdundo, usome mistari kwa mdomo. Nikamwambia anisomee mmoja wa zile nyimbo tatu. Akaanza, akacheka mwenyewe, akaacha. Vina vilikuwepo, ila vilikuwa vimebandikwa. Neno limewekwa kwa sababu tu linaishia na "-ani" kama lililotangulia. Sisi tuliosoma mashairi shuleni tunalijua kosa hilo. Sikiliza pia pumzi. Rapu haina mizani ya kuhesabu kama shairi letu la kale, kwa hiyo kazi yote ni ya mwimbaji kuyapanga maneno mengi juu ya mdundo bila kumeza silabi. Ukiona inakubidi kuuliza kila mstari amesema nini, huenda masikio yako hayana kosa.

Ama nyimbo zinazomfanya mwanamke bidhaa, hizo nazizima, na ninamweleza mtoto sababu.

Lakini kipimo kigumu kuliko vyote kilinikuta mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya 2000, Wagosi wa Kaya wa Tanga walitoa wimbo uitwao "Wauguzi", wakitusema jinsi tunavyowatendea wagonjwa. Nilikuwa na stashahada mpya mkononi. Nilikasirika sana! Nikasema ni wahuni, hawajui kazi ya usiku, hawajui upungufu wa watumishi. Wenzangu wakaniunga mkono.

Kilichoniudhi hasa sikukisema. Majuma machache kabla ya hapo, nikiwa peke yangu zamu ya usiku, mama mmoja kijana, mimba yake ya kwanza, alikuwa akilia kwa uchungu. Nilimkemea: "Nyamaza, wewe si wa kwanza kuzaa!" Akanyamaza. Aliponihitaji kweli hakuita tena. Nilimkuta amejifungua peke yake, damu inamtoka, macho yake yakinitazama kwa woga. Alipona, na mtoto wake pia, lakini hakunitazama tena hadi alipoondoka wodini.

Kwa hiyo wimbo ule niliuita mbaya kwa sababu ulikuwa umenipata. Siku hizi mtu akiniambia wimbo fulani wa vijana ni wa kihuni, humwuliza kwanza: umesema uongo, au umekusema wewe?

Jioni tukirudi, kijana aliutafuta "Wauguzi" kwenye simu, akanipa upande mmoja wa hedifoni. Tulisikiliza hadi mwisho. Mistari inasikika, kila mmoja unaongeza jambo.

Akauliza taratibu, "Mama, na wewe ulikuwa hivyo?"

Tulipoingia Kilosa nilikuwa bado sijamaliza kumsimulia habari za yule mama.